Bwana Afya na Lambo la Kijani

Mtu wa kwanza kufunua sufuria yangu bila ruhusa hakuwa mama mkwe. Alikuwa Bwana Afya. Nilikuwa na mwaka wa pili tu tangu niolewe Shinyanga, nina kibanda cha chai na vitumbua karibu na stesheni, nikasikia hodi, na kabla sijaitika karibu, mtu keshaingia, keshainama, keshashika kifuniko cha sufuria kwa ncha ya leso yake. Akachungulia. Mvuke ukampiga miwani. Akabaki amesimama pale haoni kitu, mwanamume mzima, na kaptura yake ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akaniuliza, "Yamechemka, au yamepata joto tu?"

Nilikuwa na mwiko mkononi, na nusura niutumie. Lakini alivyokuwa akipapasa kutafuta pa kuegemea ili afute miwani, nikaona haya kwa niaba yake, nikamvutia kigoda. Akaketi, akaifuta, akaivaa, akanitazama kama ndiyo kwanza anagundua kuwa jiko lile lina mwenyewe, akaniamkia. Tangu siku ile tukawa tunajuana.

Vijana wa leo huenda hawajui. Bwana Afya alikuwa mtu wa serikali wa mambo ya usafi: vyoo, taka, mbu, nyama ya buchani, na zaidi ya yote maji ya kunywa. Jina lake nalijua, lakini mjini hakuna aliyelitumia, nami sina sababu ya kuanza leo. Alikuwa mtu wa pwani, hilo lilisikika akifungua mdomo. Mengine ya huko kwao sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, akipanda baiskeli magoti yanakaribia kugonga kidevu. Kwenye usukani alitundika chupa tupu ya kuchukulia maji ya kila mahali alikopita, na mfukoni hakukosa chaki. Swali lake lile la sufuria lilienea mji mzima. Mke akikasirika, mume anamwuliza, umechemka au umepata joto tu? Mchumba akichelewa kuleta posa, wanaulizana hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa akilisikia, wala hakucheka wala hakununa. Nadhani alifurahi kwamba angalau neno lilikuwa limefika.

Na yakishatokota alihesabu. Alitaka maji yatokote kwa hesabu ya mia moja, na hesabu yake ilikuwa ya taratibu, midomo inacheza, kidole kinagonga paja. Ukimsemesha katikati anaanza upya. Nilimsemesha mara nyingi makusudi, Mungu anisamehe. Akifika themanini, namwuliza hali ya mama nyumbani. Anajibu kwa adabu zote, hajambo, anakusalimu, kisha huyo, moja, mbili, tatu.

Sasa sikilizeni kituko chake. Mtu huyu aliyelipwa kukagua visima alikuwa akiogopa vyura. Si kuchukia, kuogopa hasa. Chura akiruka kando ya maji, Bwana Afya anatupa chupa, anarudi nyuma hatua tano, anajifanya alikuwa akitafuta kitu chini. Wachotaji maji walilijua hilo, na wapo waliombebea chura kwenye kata ya kuchotea kwa utani tu. Aliwakemea kwa sauti ya serikali, lakini kwa mbali.

Kisukuma nacho kilimshinda. Miaka yote aliyokaa alijifunza neno moja, mwangaluka, ambalo ni la kuamkiana asubuhi, akalitumia asubuhi, adhuhuri, na jua linapotua. Akina mama wa vijijini waliingia mjini saa kumi jioni na vibuyu vyao vya maziwa, na yeye anawapita na baiskeli, anawainulia kofia, mwangaluka, mwangaluka. Mama Shija, aliyekuwa akiniletea maziwa, alikuwa akicheka mpaka anatua kibuyu. Alisema kwa Bwana Afya hakuchwi.

Udhaifu wake mwingine niutaje mapema, maana ndio uliokuja kuwa na maana kubwa baadaye. Hakuweza kukataa kitu alichopewa kwa mikono miwili. Watu wa huku wanapokupa kitu kwa heshima wanainama kidogo na kukishika kwa mikono yote, na yeye akiona hivyo anayeyuka. Nilimwona kwa macho yangu akimgombeza mzee mmoja kwa choo kibovu, anamgombeza hasa, mpaka mishipa ya shingo imesimama. Mzee akaingia ndani, akatoka na jogoo, akainama, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bwana Afya akampokea, akashukuru, akaondoka na jogoo kwenye baiskeli. Kesho yake akarudi kumgombeza tena.

Kazi yake kubwa pale mjini ilikuwa kututoa kwenye mchanga. Kabla yake, kiangazi kikikaza, wanawake walikuwa wakienda kwenye mto ulio nje ya mji, ambao kiangazi unabaki mchanga mtupu, wanachimba kwa mikono na vibuyu mpaka maji yanatokea chini. Visima vya mchangani, ndivyo tulivyoviita. Bwana Afya hakupenda kuviona. Alisema mbwa wanalala mle, watoto wanaingia na miguu, kila mtu anachovya chombo chake. Na kweli, kulikuwa na uchafu, simwonei. Serikali ilikuwa imechimba lambo, bwawa kubwa la kukinga maji ya mvua, na upande mmoja pakajengwa ngazi za mawe za kuchotea. Amri ikatoka kwamba sote tuchote lamboni na tuchemshe. Siku ya kufukia visima alivua koti, akashika beleshi mwenyewe mbele ya vibarua, akafukia mpaka viganja vikachubuka. Mama Shija na wenzake walikuwa ukingoni na vibuyu vitupu wanamtazama. Aliwainulia kofia. Walijitwika vibuyu vyao, wakaondoka.

Basi ndipo ilipoanza chaki. Nyumba iliyochemsha maji kwa hesabu ya mia, aliichorea alama nyeupe mlangoni, mduara na mstari chini yake, sufuria juu ya jiko, alisema mwenyewe, ingawa sisi tuliona kama kofia. Mwanzoni watu walidharau. Kisha ikawa ni fahari. Wanawake walisuta wenzao kwa mlango mtupu. Wengine walichora wenyewe kwa majivu, akaja akazifuta, maana mstari wake aliujua. Mlango wangu ulikuwa wa kwanza mtaani kuchorwa, na wageni wakitaka kufundishwa aliwaleta kwangu. Alikuwa akisema nendeni kwa Mama Salum mkaone maji yanavyochemshwa. Jamani, nilivimba kichwa. Nilianza kuwahesabia wateja mia kwa sauti.

Ila mlango uliochorwa vizuri kuliko yote ulikuwa wake. Mkewe, Mama Hadija, alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na moyo laini. Binti yao Hadija alikuwa ameolewa Tabora, wakabaki wawili. Mama Hadija alimtania mumewe kutwa. Alimwita Bwana Mia. Alisema usiku wa harusi alimhesabia mapigo ya moyo. Lakini hakukuwa na mtu aliyechemsha kama yeye, maji ya kunywa, ya kusukutua, hata ya kuosha mchicha. Niliwahi kumwuliza kama hachoki. Akaniambia, "Mama Salum, huyu mtu anapigania kitu kimoja tu duniani. Nani atamwamini kama mimi simwamini?"

Naye alimpenda mkewe kwa namna iliyochekesha mji. Alimbebea maji. Mwanaume wa serikali, mwenye kofia, asubuhi kabla ya kazi anapita na madebe mawili yaliyofungwa nyuma ya baiskeli, maji yanamwagika juu ya soksi. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa akisema yule anatuharibia. Nilimwambia wewe shona suruali.

Halafu ukaja mwaka wa lambo la kijani. Mvua za kwanza zilipiga kwa nguvu, zikasomba samadi ya maboma yote ya juu na kuiingiza lamboni, kisha zikakatika, jua likawaka wiki baada ya wiki. Maji yakaanza kugeuka. Kwanza yalikuwa na vumbi la kijani linaloelea, unalipuliza linasogea. Kisha likawa utando. Kisha likawa zito, kama mchicha uliopondwa, na upepo wa msimu ule ulikuwa ukilisukuma lote upande mmoja, upande wa ngazi za mawe, pale pale tulipochota. Harufu yake sijaisahau. Tuliusukuma ule ukoga kwa kata, tukachota chini yake, tukachuja kwa kaniki, tukachemsha mia. Tulijiona tumefanya kila kitu.

Mama Shija alikuja asubuhi moja hana maziwa. Akaketi kibandani kwangu, akanieleza kwamba ndama wake watatu wamekufa siku moja, kando ya lambo, hawakufika hata nyumbani. Mbuzi wake walikuwa wamegoma kunywa upande ule, wakazunguka mpaka ng'ambo upepo unakotokea. Ndama hawakuwa na akili hiyo. Na mbwa wa jirani yake aliyelamba manyoya baada ya kuogelea naye alikuwa amekufa. Bwana Afya akawa anapita, nikamwita, nikamwambia msikilize mama huyu. Akasikiliza, akiwa ameshika kofia. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Pole sana, mama. Lakini ng'ombe hawachemshi maji."

Mama Shija akainuka. Akaniaga mimi, hakumwaga yeye. Nami, nisiwafiche, nilikuwa upande wa Bwana Afya. Nilikuwa na alama mlangoni.

Siku chache baadaye akaondoka kwenda safari ya kukagua vijiji vya upande wa Mhunze. Akakaa huko wiki mbili. Ndani ya wiki hizo mbili watu wakaanza kuugua. Tumbo linasokota, mtu anatapika, anaacha chakula, ngozi inamwasha kama amelalia upupu. Nikaanza kuona kitu ambacho sikutaka kukiona. Waliougua walikuwa watu wa milango iliyochorwa. Mtaa wetu, safi kuliko yote, ulikuwa umelala kitandani. Watu wa pembezoni, ambao Mama Shija na wenzake walikuwa wameanza tena kuwachimbia mchangani kimya kimya, walikuwa wazima wanatembea. Kulikuwa na mzee mchukuzi wa stesheni aliyekunywa chai kwangu kila asubuhi, vikombe viwili, akisifu kwamba chai yangu ni salama. Alifariki siku ya Alhamisi. Hakuna aliyenilaumu. Mimi nilijilaumu, na bado najilaumu, maana maji yale niliyachemsha kwa mikono hii.

Bwana Afya aliporudi alikuta mkewe hawezi kuinuka. Nilikuwa nimekaa naye, namkanda kwa kitambaa. Mwili ulikuwa umenyong'onyea, na weupe wa macho ulikuwa umeingia umanjano. Mganga wa zahanati alikuwa ameshampa dawa mara mbili, akaongeza kwamba anywe maji mengi, yaliyochemshwa. Nilikuwa nimeshika kikombe. Bwana Afya akanipokonya kile kikombe akakinusa, kisha akanirudishia, akasema yamechemka vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa mzima, amenenepa hata kidogo, na nadhani ndicho Mama Hadija alichokuwa akikitazama.

"Baba Hadija," akasema, "huko safarini ulikuwa unakunywa nini?"

"Maji."

"Ya wapi?"

Akavua kofia. Nikataka kutoka nje, lakini mgonjwa alikuwa amenishika mkono.

"Ya mchangani," akasema mwishowe.

"Ulichemsha?"

"Sikuchemsha. Walinipa kwa mikono miwili."

Sijawahi kuona mtu mzima akiwa vile. Alikuwa amesimama katikati ya chumba chake, kofia mkononi, kama mtu aliyekamatwa ugoni. Kumbe miaka yote ile, kila akienda vijijini, alikuwa akinywa kutoka kwenye visima vile vile alivyovikataza, kwa sababu ya aibu tu ya kumkatalia mwenyeji, na hakuwahi kuumwa. Aliujua ukweli huo tumboni mwake na hakuwahi kuutazama usoni. Mkewe akafumba macho. Nilidhani atamsema, na angekuwa na haki. Badala yake akasema taratibu, "Basi niletee hayo."

Alitoka mbio. Hakupanda baiskeli, aliisahau. Mimi nikamwachia jirani mgonjwa, nikamfuata na ndoo. Nilimkuta mtoni, jua la saa nane, anachimba kwa beleshi lile lile alilofukia nalo, amechimba mahali pabovu, juu mno, mchanga mkavu unarudi ndani kila akitupa. Mama Shija alikuwa kwenye kisima chake cha kuficha, hatua chache chini. Nilijua angeweza kukaa kimya. Mimi ningekaa kimya.

"Hapo hakuna maji," akamwambia. "Sogea huku." Akagonga mchanga kwa kisigino.

Akasogea. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliambiwa na mtu mahali pa maji, akasogea. Alichimba mpaka kiunoni. Akiwa humo ndani chura mkubwa alitoka kwenye mchanga mbichi, akamkalia juu ya kiatu. Nikamwona akimtazama. Akaendelea kuchimba. Chura akakaa pale kwenye kiatu mpaka alipochoka mwenyewe.

Maji yalipojaa Mama Shija akamfundisha anavyofanya: chota ya kwanza umwage, ya pili umwage, uache yatulie, ya tatu ndiyo ya mtu. Nikakinga ndoo. Lakini Bwana Afya akachukua kata, akaijaza, akanywa yote. Kisha akaketi kwenye mchanga na kushika magoti yake. Tukamwambia Bwana Afya, mgonjwa anangoja, haya maji watu wanakunywa tangu babu na babu, wewe mwenyewe umeyanywa wiki mbili. Akatikisa kichwa.

"Nilishamwambia mara moja kwamba maji ni salama," akasema. "Safari hii nangoja."

Akangoja mpaka kivuli cha ukingo kikamfikia miguuni. Ndipo akainuka, akachukua ndoo, akaibeba kichwani kama mwanamke, akapita nayo katikati ya mji.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Akapanda juu ya sanduku la sabuni, na watu walidhani keshaanza habari zake za minyoo. Hakusema mengi. Alisema kuchemsha ni kuzuri, wasiache, kunaua vya kuhara na kunaua minyoo, lakini kwa maji yale ya kijani moto haufui dafu, na hata afadhali usiyatie motoni. Tusichote tena pale ngazini mpaka rangi ile iondoke. Twende mchangani. "Visima nilifukia mimi," akasema. "Nilikosea mimi, si ninyi mliotii." Kisha akashuka, akaenda nyumbani kwake, akalowesha mkono wa shati lake, akafuta alama ya chaki mlangoni pake. Halafu akaja mtaani, mlango kwa mlango, anabisha hodi, anasubiri kukaribishwa, anaomba radhi, anafuta. Kwangu alifika mkono wa shati umeshakuwa tope la chaki. Akafuta, akasimama. Nikamwambia kuhusu mzee wa stesheni, kwamba chai ilikuwa yangu. Akasema, "Ilikuwa chai yako na neno langu." Tukalia wote wawili pale mlangoni, watu wanapita, na sikujali.

Siku hizi nimesikia kijana mmoja wa maabara akieleza kwamba ule ukoga una sumu ndani yake, ukiuchemsha unaupasua tu na sumu inabaki majini. Bwana Afya hakuambiwa hilo na mtu. Alilijua kwa kuona nani mzima na nani mgonjwa, na kwa kuulizwa swali na mkewe.

Mkubwa wake hakupendezwa. Mtu wa serikali hasimami sokoni akasema serikali imekosea, hata kama amesema ni yeye. Walimvua kazi ya mji, wakampeleka magharibi, upande wa Geita, kambi za wachimba dhahabu zilikokuwa zikiota. Mama Hadija alikuwa ameanza kuinuka, lakini hakuwahi kurudi kuwa yule wa zamani. Tumbo lilibaki bovu, vyakula vingi vilimkataa. Siku ya kuondoka alitembea mwenyewe mpaka kwenye behewa. Mama Shija alikuja stesheni na kibuyu cha maziwa ya mgando. Ilikuwa jioni, jua linazama, na Bwana Afya akamwinulia kofia, mwangaluka. Safari hii Mama Shija alimwitikia mwangaluka vilevile, bila kucheka.

Ilipita miaka mingi kidogo. Mji wetu ulipozidiwa na ukame mume wangu akasema suruali zinachanika zaidi kwenye machimbo, tukahama nasi, treni mpaka Mwanza, chombo cha kuvuka ghuba, kisha lori. Nikafungua kibanda cha chai tena kambini. Siku moja nikashuka ziwani kununua sato wa kukausha, kwenye kijiji ambako malori ya mgodi yalikuja kuchota maji. Ghuba ile siku hiyo ilikuwa na mkanda wa kijani ukingoni, na nilipouona nilirudi nyuma hatua mbili. Karibu na maji alikuwa mzee mrefu, hana kofia, hana kaki, anatupa pumba za mtama majini na kuangalia zinakokwenda. Alipoona upepo unazisukuma wapi, akawaonyesha watu wa lori waende upande wa pili. Hawakubishana naye. Nyuma yake, hatua kumi na kitu kutoka ukingoni, kulikuwa na mashimo mawili kwenye mchanga, yamezungushiwa miiba mbwa wasiingie.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba." Akageuka, akanikodolea macho kupitia miwani iliyofungwa kwa uzi. "Mama Salum! Mwangaluka."

Ilikuwa alasiri.

Wakanikaribisha kwao, kibanda cha matete juu ya ukingo. Mama Hadija alikuwa barazani, amekonda, nywele nyeupe, ulimi ule ule. Alisema serikali ilikwisha kumstaafisha Bwana Mia, lakini ziwa bado halijakubali. Nikasema mimi ndiye mgeni lakini chai nitapika mimi, maana nilikuwa na deni la chai nzuri kwa nyumba ile. Nikachota kwenye shimo lililozungushiwa miiba. Ya kwanza nikamwaga, ya pili nikamwaga. Nikainjika. Yakatokota, na nikamsikia kutoka barazani anahesabu kwa midomo. Sikumsemesha. Akafika mia.

Nikatoa vikombe vitatu, nikampa yeye kwanza, kwa mikono miwili. Akapokea, akanywa chote kile cha moto, macho yanamtoka machozi kwa kuungua. Kisha akachukua kikombe cha mkewe, akakiweka juu ya goti lake, akakifunika kwa kiganja, akitazama kivuli cha kibanda kwenye mchanga. Nilidhani anapumzika. Kivuli kikasogea. Mimi nilikuwa nimemaliza changu.

"Baba Hadija," akasema mkewe, "nipe chai yangu. Inapoa."

"Ngoja kidogo."

Mama Hadija akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa yamejaa.

"Tangu mwaka ule, Mama Salum," akaniambia, "sijawahi kunywa chai ya moto."